Pilipili Kwenye Chetezo

Kila nikipita maduka ya ubani pale Kariakoo, hasira yangu huamka, ingawa ni mtu mzima ninayemshukuru Mungu kwa mengi.

Mdogo wangu alizaliwa na maji kichwani. Madaktari walimpasua wakamwekea mpira mwembamba chini ya ngozi, wa kuyateremsha maji hadi tumboni. Walimwambia mama, "Akianza kutapika na kusinzia, mpira umeziba. Mlete siku hiyohiyo."

Siku hiyo ilipofika, shangazi alisimama mlangoni na chetezo chake. "Jini hilo, wifi. Unataka wakamtoboe tena?"

Baba alikuwa kazini bandarini, na mama hakuwa na sauti mbele ya wifi yake. Mtoto alitapika mara ya nne, kisha akaacha hata kulia. Nilitaka shangazi alie badala yake.

Nilichota jikoni kiganja cha pilipili kavu. Alipoinama kupuliza makaa, macho ameyafumba, nikazimwaga zote humo.

Alikohoa mpaka mtandio ukamdondoka. "Jini limekasirika!" alipiga kelele, akikimbilia uani.

"Basi libembeleze, wifi," mama alisema, ameshamfunga mtoto kifuani kwa kanga, akatoka mbio.

Mpira ulibadilishwa alasiri ileile. Mdogo wangu leo ana wajukuu.

Shangazi alilala siku mbili, macho yamevimba. Nilimpelekea maji ya kunawa, nikakaa karibu nimtazame vizuri. Nimetubu mengi maishani. Pilipili ile sijaitubia.