Sifuri Nisizoziandika

Mwanangu, iko asubuhi moja ya kidato cha nne, kule Sikonge, ambayo haijanitoka moyoni. Nilikuwa hodari wa hesabu, na wenzangu wakanifanya mwalimu wao wa Jumamosi. Sifa hulevya, nami nililewa.

Tulikuwa tukijifunza kugawanya polinomia. Nikaandika ubaoni eksi kwa kipeo cha tatu kutoa nane, tugawanye kwa eksi kutoa mbili. Humo hamna eksi mraba wala eksi tupu. Ilipasa niziwekee sifuri, nafasi zao zisipotee. Sikuweka. Nikaisogeza nane ikaziba pengo, nikapata baki la hasi sita.

Rafiki yangu Kabula akauliza, "Mbona nikizidisha kurudi nyuma sipati tulichoanza nacho?"

"Wewe nakili tu," nikamjibu.

Jumatatu, Mwalimu Nyanzala akamwita Kabula ubaoni, swali lile lile. Akafanya kama nilivyomwonyesha. Darasa zima likaangua kicheko.

"Nani kakufundisha hivi?"

Kabula akainama, hakunitaja. Nikasimama. "Ni mimi, mwalimu. Na yeye aliniuliza mbona hairudi, nikamnyamazisha."

Mwalimu hakupandisha sauti. "Hesabu mbovu hufutwa kwa kifutio. Mwenzio uliyemziba mdomo utamfuta aibu kwa kitu gani? Kajifunze, kisha umfundishe upya."

Likizo iliyofuata tulikuwa tukipanga tumbaku, mikono inanata utomvu. Kila nilipopata nafasi niliandika swali lile kwa mkaa kwenye mlango wa bani la kukaushia, nikafuta, nikaandika tena.

"Mlango wangu umekukosea nini?" mama akauliza. Nikacheka, sikuacha.

Siku ya tisa nikaziweka sifuri kwenye nafasi tupu, ikatoka: eksi mraba, jumlisha mbili eksi, jumlisha nne, bila baki. Nikaizidisha kurudi nyuma, ikarudi ile ile. Nikapanda baiskeli mpaka kwa kina Kabula, nikamwomba radhi, nikamfundisha. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika swali gumu zaidi.

"Haya, tulifanye hili." Tukakomaa nalo mpaka likakubali.

Mwanangu, sikio la kufa halisikii dawa. Anayekuuliza "mbona?" usimnyamazishe, huenda ameona usichokiona. Ukikosea mbele ya watu, kiri mbele ya watu hao hao. Na somo likikushinda leo, lirudie kesho, na keshokutwa, mpaka litoke.

Mola akupe akili ya kujifunza, na akupe moyo usioona haya kuanza upya.