Daftari la Timu ya Netiboli

Walimu wageni shuleni kwangu hupenda kuniuliza kwa nini niliacha kazi ya ofisini, yenye feni na chai ya saa nne, nikaenda kusomea ualimu wa michezo. Huwa najibu kwamba napenda netiboli kuliko mafaili. Ni kweli, ila ni ukweli wa kumaliza mazungumzo.

Nilikuwa mtunza kumbukumbu wa shirika moja la umma pale Dodoma, ndiyo kwanza nimetoka chuoni, tena senta na kapteni wa timu ya netiboli ya shirika. Siku hizo kila shirika lilikuwa na timu yake, na wasichana wengine waliajiriwa kwa mikono yao ya kudaka zaidi ya vyeti vyao. Hakuna aliyeona ajabu. Mashindano ya mashirika yakikaribia, wachezaji tuliruhusiwa kutoka ofisini saa sita mchana, na mwishoni tukaingia kambini kabisa, kazi zetu zikifanywa na wenzetu huku wakitusonya.

Mimi nilikuwa na ugonjwa wa ukweli. Nilipopewa ukapteni nilikuta baadhi ya wachezaji wanachukua ruhusa ya mazoezi kisha wanakwenda kupalilia mashamba yao Nzuguni. Nikaanzisha daftari: nani katoka ofisini saa ngapi, nani kafika uwanjani, nani hakufika. Anayekosa mara mbili hachezi mechi inayofuata, awe nani. Rafiki yangu mkubwa, mpiga chapa wa mkurugenzi na mlinzi hodari kuliko wote niliowahi kucheza nao, alikaa benchi mechi nzima kwa sababu alikwenda Mtera mara mbili kumwona mama yake bila kuaga. Alininunia siku tatu.

"Wewe ungekuwa hakimu ungemfunga hata bibi yako," aliniambia siku ya nne, tukacheka mpaka machozi.

Aliyelisifu daftari langu kuliko wote ni mkuu wa utumishi, ambaye pia alikuwa meneja wa timu. Alikuwa mzee mpole. Kila mechi alikuja na ndoo ya machungwa aliyoyamenya mwenyewe, akatugawia wakati wa mapumziko, huku vumbi la Dodoma likitua juu ya machungwa na sisi tukila hivyohivyo. Aliniita mwanangu. Nilimwamini kuliko nilivyomwamini baba yangu mzazi, na leo nalisema hilo kwa hasira.

Kisha yakaja maneno ya ubinafsishaji. Tukasikia shirika litauzwa na watu watapunguzwa. Siku moja mzee akaniita ofisini kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hawa wanunuzi hawajui michezo, wanataka kuifuta timu. Niletee lile daftari niwaonyeshe mnavyojituma."

Nilitoka pale natembea kama nimeota mabawa. Kwa kuwa kurasa zilikuwa zimechafuka kwa jasho na vumbi, nilikaa Jumamosi nzima nikalinakili upya kwa mwandiko wangu mzuri. Nikapiga mistari kwa rula. Pembeni, bila hata kuombwa, nikajumlisha saa zote ambazo kila mchezaji alikuwa nje ya ofisi, nikidhani hizo ndizo saa za kujituma.

Wiki mbili baadaye barua zikatoka. Timu yote ilipunguzwa, isipokuwa mimi. Rafiki yangu alileta yake masjala, akaiweka mezani kwangu bila kuniangalia usoni. Iliandikwa kwamba alikuwa nje ya kituo cha kazi kwa saa kadha wa kadha. Jumla ile niliijua kabla sijamaliza kuisoma.

Nilipanda ngazi mpaka kwa mzee, nikaingia bila hodi.

"Mzee, lile daftari lilikuwa la timu."

"Lilikuwa la shirika, mwanangu. Hata kalamu ilikuwa ya shirika." Sauti yake ilikuwa ileile ya machungwa. "Wanunuzi walitaka ushahidi, na mimi sikuwa na mwingine."

"Ruhusa si ulitupa wewe mwenyewe?"

"Niliwapa kwa mdomo."

"Na jina langu liko wapi?"

"Nililitoa. Mtu mkweli kama wewe watamhitaji. Nimekulinda."

Nilitaka kumtemea mate. Badala yake, Mungu anisamehe, nikasema, "Asante, mzee." Adabu ilinitoka mdomoni kabla ya hasira, na mpaka leo neno lile linanichoma kuliko hata alichonifanyia yeye.

Usiku ule sikulala vizuri, lakini Ijumaa asubuhi nilikuwa mwepesi, nimeshaamua. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikaikabidhi, nikaenda uwanjani na viatu vyangu mkononi. Wenzangu walikuwa wamepanga kucheza mara ya mwisho kabla ya kurudisha jezi. Upepo wa Julai ulikuwa unafuta chokaa ya mistari. Nikamfuata rafiki yangu.

"Alinidanganya," nikamwambia. "Alisema anataka kuiokoa timu."

"Najua. Wewe na uongo hamjuani."

"Na mimi nimeacha kazi leo asubuhi. Nimekabidhi barua."

Alifunga kamba ya kiatu taratibu, akasimama.

"Wewe umeacha," alisema. "Sisi tumeachishwa."

Tukagawana pande mbili. Hakuna aliyenitukana wala kunifukuza, na nilidhani mpira utatupatanisha, kwa maana uwanjani ndiko tulikopendana. Senta ndiye anayeanzisha mchezo, kwa hiyo mpira wa kwanza ulikuwa wangu. Nikautoa. Haukurudi. Nilikimbia, nikajitenga, nikaita kwa jina mmoja baada ya mwingine, nao wakarusha kwa mtu aliyebanwa kuliko kunipa mimi niliyekuwa peke yangu. Goli likafungwa, likafuata la pili, na ikafika tena zamu yangu ya kuanzisha. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa na mpira. Alitembea nao mpaka katikati nilipokuwa nimenyoosha mikono, akaupitisha chini ya mikono yangu, akauweka mchangani, akarudi nyuma kusubiri niuokote.