Mkwe Wangu Anaamini Namchukia, na Mwanangu Anajua Si Kweli

Admin, naomba unifichie jina, huku nafahamika. Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, mjane, nalima karanga Kigwa, mkoa wa Tabora. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikiandika ovyo mnisamehe. Nimebakiwa na mtoto mmoja tu, wa kike, yuko Dar. Ameolewa na kijana wa kabila la mbali, na sasa mimba ina miezi minane. Ndiye mjukuu wangu wa kwanza.

Mwezi uliopita walikuja. Yule kijana akasema mama hajawahi kupumzika tangu azaliwe, akatupeleka hoteli moja ya kifahari huko porini, tukae siku tatu. Jamani! Kwa nje vibanda vya nyasi kama vya warina asali wetu, ndani kitanda cha kulala watu wanne. Unafika tu unapewa kitambaa cha moto ufute vumbi usoni. Asubuhi nikatandika kitanda, nikafagia mpaka barazani. Dada wa usafi akashika kiuno: "Mama, unataka nifukuzwe kazi?" Tukacheka sana.

Shida ni kwamba tulipewa nyumba moja, vyumba viwili, sebule moja, meza moja ya chakula. Sisi Wanyamwezi wa zamani, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni wala hawali pamoja. Si chuki. Ni heshima, tena kubwa. Mama yangu akimwona mume wangu anakuja, alikuwa anaacha njia anapita kwenye majani, hivyo hivyo mpaka anaingia kaburini. Nikamwita mwanangu pembeni nikamwambia, "Mweleze mwenzio, asije akanifikiria vibaya." Akasema, "Mama, mambo hayo yalishakufa. Haya, nitamwambia, wewe tulia." Nikatulia.

Siku ya pili natoka kuoga, nimevaa lile joho la taulo wanalokupa, namkuta mkwe anatoka kwenye bwawa, kifua wazi, kaptura inachuruzika maji. Akafurahi, akatanua mikono: "Mama! Shikamoo!" Anataka kunikumbatia. Nikajifunika kichwa kwa joho, nikakimbia, nikaangukia kwenye maua, nikainuka nikatokea nyuma ya jiko. Mama mmoja muosha vyombo akaniangalia, akaelewa bila kuambiwa. Akaniita mama kwa Kinyamwezi: "Mayu, ni mkwe huyo? Njoo ukae na sisi." Wakanipa ugali na majani makavu ya kunde yaliyoungwa karanga. Nikala, nikacheka nao. Sikujua kama mkwe amepita akaniona.

Mchana nimekaa nyuma ya pazia, nawasikia barazani. Kijana anasema, "Kumbe anacheka! Na waosha vyombo anacheka, mimi akiniona anakimbia. Mama yako ananichukia?"

Nikasubiri. Nikasema moyoni, sasa atamweleza.

Mwanangu akasema, "Usimjali. Hakutaka niolewe na mtu wa kwenu. Ndivyo alivyo."

Sikulia. Nilikuwa nimeshika kasabuni kale kadogo ka hotelini, nikaendelea kusoma maandishi yake, sikuelewa hata neno moja. Baadaye nikamuuliza, mbona umesema vile? Akasema, "Mama, ningesemaje? Kwao wote wamesoma. Nikimwambia mama anakimbia mkwe mpaka leo, watanionaje? Mtu wa porini." Nikamjibu, "Sawa." Jioni wakanipeleka kukandwa mwili kwa mafuta, na mimi naona kama anayekandwa ni mwanamke mwingine. Mpaka leo niko hivyo hivyo. Nabangua karanga, nashtuka jua limezama.

Juzi kijana akanipigia mwenyewe. Hajawahi. "Shikamoo mama. Najua hunipendi, na sikulazimishi. Ila mwenzangu anakaribia, kila siku anakulilia wewe. Nimekukatia tiketi ya treni ya Jumanne. Mimi nitahamia kwa rafiki yangu mpaka umalize kumuogesha mtoto. Hutaniona kabisa."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokwama. Heshima yote niliyoitaka kwa mkwe, huyu kijana kanipa bila kufundishwa na mtu, ila anaitoa akijua namchukia. Simu ilikuwa sikioni, mdomo haufunguki, mpaka akakata.

Nikimwambia ukweli, nimemuumbua mwanangu kwa mumewe, naye yuko karibu kujifungua. Nikinyamaza, nitamuogesha mjukuu kwenye nyumba ambayo baba yake ameikimbia kwa ajili yangu. Nisipokwenda, nani atampokea mwanangu? Mkoba nimeshafunga. Mlio na wakwe, na nyie mabinti mnaowaonea aibu mama zenu, nielekezeni, nianze na nani, na nimwambie nini? Jumanne si mbali. Kijana wa watu alinisalimia vizuri, na marahaba yake bado ninayo mdomoni.