Mkono wa Shangazi Mwanajuma

Asubuhi za mwaka ule zilinukia mafuta ya habasoda. Mama aliyapasha moto kwenye kibakuli cha shaba, juu ya makaa yaliyobaki baada ya chai, na harufu yake kali ikapanda ngazi za nyumba yetu ya mawe pale mtaa wa Kuze hadi chumba cha juu alimolala Mwanajuma, dada yake baba. Ilikuwa miaka michache tu tangu gari la moshi lianze kwenda bara, nami nilikuwa msichana mdogo ambaye bado hajafikia umri wa kuwekwa ndani. Nilimshikia mama kibakuli. Yeye aliketi kando ya kitanda, akauweka mkono wa kulia wa shangazi mapajani pake, akaukanda kuanzia kwenye kiwiko, taratibu, akishuka hadi kwenye vidole vilivyokunjamana. Alikanda bila kuinua macho. Nilidhani ni unyenyekevu tu. Kumbe alishindwa kumtazama usoni.

Shangazi alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kupamba maharusi. Maua yake ya hina yalijulikana kuanzia Ndia Kuu hadi Mkanyageni, na dada yangu Rukia alipoposwa, hakuna aliyeuliza nani atamchora. Lakini mama alimtaka mpambaji mwingine, mwanamke kijana wa Kibokoni aliyekuwa akisifiwa kwa mitindo mipya. Maneno yakapanda ukumbini baada ya chakula cha mchana, jirani zetu wawili wakisikia. “Wifi, mkono wako umekwisha,” mama akasema. “Maua yako yanatetemeka. Sitaki mwanangu achekwe.” Shangazi aliinuka, akatengeneza kanga yake, akaenda zake juu.

Asubuhi ya pili tulimkuta sakafuni, mdomo umekwenda upande, na mkono ule ule umelala kama si wake. Mwalimu wa chuoni aliandika aya za Kurani kwa zafarani kwenye kombe, likaoshwa, akanyweshwa maji yake. Baba akamleta tabibu wa Kihindi, naye akasema ni kiharusi, akandwe, na vidole visiachwe vikalala. Mama alikuwa papo hapo, lakini sidhani kama alisikia neno lolote isipokuwa lile lake mwenyewe. Akaiahirisha harusi. Upande wa bwana harusi ukanuna, baba akalalamika, naye akashikilia kwamba mwali hatatoka nyumbani na shangazi yake yu katika hali ile.

Maneno yalirudi kwanza, ingawa mazito. Mguu ukafuata, shangazi akawa anatembea kwa kushika ukuta. Mkono ulikataa. Mama alimpa donge la unga alibonyeze, akampa kifumbu cha nazi akamue tui, akamwekea choroko kwenye sinia azihamishe moja moja. Choroko zilimwagika, nami nikatambaa chini kuziokota. “Si kitu, wifi, si kitu,” mama alisema kila mara, kwa sauti ya mtu aliyezimwaga yeye. Alikonda mwaka ule. Aliacha kwenda hata kwenye shughuli za jamaa, na hakula mpaka shangazi ashibe.

Kufumba kulirudi kabla ya kufumbua. Asubuhi moja, mama akiwa bado anapaka mafuta, vidole vile vilijifunga kwenye kifundo cha mkono wake, vikakaza. Shangazi alijaribu kuachia asiweze. Mama akacheka kwa furaha, kisha kicheko kikageuka kilio.

“Wifi, niwie radhi. Ni mdomo wangu huu.”

“Mkono huu ulianza kufa ganzi tangu Ramadhani,” shangazi akasema polepole. “Kijiti cha hina kilikuwa kikinianguka, nasingizia usingizi. Ulisema kweli. Ndiyo maana nikakasirika.”

“Na miezi yote hii umeniacha nikijilaumu?”

“Nimekuacha. Niliogopa nikikwambia hutapanda tena. Tangu afe mume wangu, nani mwingine amenishika mkono?”

Mama alivifungua vidole vile kimoja kimoja, bila kumwumiza, akashuka.

Kwa siku kadhaa hakupanda. Chakula nilikipeleka mimi. Shangazi alikuwa akiniuliza, “Mamako yu hali gani?” kisha akigeukia ukutani. Nilimwomba nimkande mimi, akakataa, akisema yeye hastahili kukandwa. Vidole vikaanza kukakamaa upya. Nilipomwambia mama hivyo, aliendelea kuchambua mchele, lakini niliona anaziacha chuya na kuzitupa punje nzima.

Kisha asubuhi moja akatokea mlangoni na kibakuli. “Leo sikuletwa na dhambi,” akasema. “Lete mkono.” Akamkanda huku akimtazama usoni, na wakagombana. “Bonyeza!” “Nabonyeza, huoni?” Sijapata kusikia ugomvi mtamu kama ule.

Harusi ilifanyika. Rukia alichorwa na yule kijana wa Kibokoni. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeagiza aitwe. Yeye alichora ua moja tu, kwenye kiganja cha kushoto cha Rukia, mama akimshikia kiwiko. Kidole kidogo cha shangazi kilibaki kimekunjamana, kikikwaruza hina iliyokuwa bado mbichi, na ua likapinda. Wapo waliocheka.

Kidole kile hakikunyooka mpaka shangazi akazikwa. Neno alilosema ukumbini mama alijisamehe, lakini siku zile alizokaa chini akichambua mchele hakujisamehe. Aliamini kwamba kidole kile ni zao la hasira yake, na akaniambia hivyo tena akiwa kikongwe, macho yake hayaoni tena.

Leo mimi ni mzee kuliko shangazi alivyokuwa wakati ule. Nyumba ya Kuze wanakaa wapangaji, na mtu akipata kiharusi hupelekwa hospitali, akafundishwa vidole vyake na watu waliosomea kazi hiyo. Mjukuu wangu naye anasomea udaktari. Juzi nilimsimulia habari hii, akaniuliza maswali mengi, kisha akasema kwamba kidole kile huenda kisingenyooka hata kama mama asingekosa siku moja. Sehemu ya ubongo iliyokiongoza ilikwisha kufa. Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayemtua mwenzake mzigo. Nimekaa na habari hiyo tangu juzi, na mama mwenyewe hayupo wa kuambiwa.