Pilau ya Mgeni wa Kompyuta

Wenzangu, msinicheke kabla sijamaliza. Binti yangu Rukia, wa miaka kumi na tano, alikuwa akienda kwenye duka la intaneti kule Kizingo kuandikiana na watu asiowajua. Nikaapa kumkomesha. Nikaandamana naye, nikaketi kando yake mbele ya kompyuta.

Kwenye skrini akatokea rafiki yake, Feisal, aliyesema ana miaka kumi na sita. Akaandika "Vipi?" basi.

"Huyu hana adabu, hata hasalimu!" nikasema. Nikamwamrisha Rukia amjibu kiungwana: jina lake, jina la babake, twakaa Kuze, mlango wa kijani mkabala na madrasa, na Ijumaa karibu pilau.

"Mama, mimi hata jina sijampa."

"Ndiyo maana waonekana hukulelewa," nikamjibu, mimi niliyemlea. Akayaandika yote, akatuma.

Ijumaa tukasikia hodi. Mume wangu akafungua. Alikuwa mzee wa mvi, kajitia uturi, mkononi kashika halua.

"Mimi Feisal. Rukia yupo?"

Mume wangu akageuka, macho yamemwiva. "Rukia! Nani kamwelekeza mtu huyu nyumbani kwangu?"

Rukia alinitazama tu, nimesimama na sinia la pilau ya mgeni.