Nilisahau Kwamba Bahari Hupwa

Dada yangu mkubwa alinitumia kurasa kumi na mbili za Kifaransa kwenye simu, picha baada ya picha, kisha sauti yake ikafuata, kwa Kiswahili chetu cha Kongo kilichochanganywa na Kifaransa.

"Mwalimu, unisomee hizi. Unichagulie matembezi matatu. Mais usichague ya kutembea."

Nilicheka kwa hiyo "mais" yake, yaani lakini, peke yangu jikoni hapa Butembo, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilijua anachosema. Yeye ninamwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu, na alikuwa na mwaka wa tatu Kanada, akikaa kwa mwanawe wa kwanza. Kijana huyo na mkewe walimwandalia safari ya siku saba kwa meli hadi kaskazini kabisa, pwani ya Alaska. Meli ya namna hiyo ni kama hoteli inayosafiri. Usiku inakwenda, mchana inasimama kwenye mji mdogo wa bandari, na abiria wanashuka kwenda kuona kitu walichokichagua mapema. Mji wa kwanza ulikuwa wa nyangumi, wa pili wa dubu, wa tatu wa barafu. Kila mji ulikuwa na orodha yake, na kijana alimwachia mama yake achague. Kwake hiyo ilikuwa heshima. Kwa yaya ilikuwa mtego.

Goti lake la kulia lilikuwa linavimba tangu mwaka uliotangulia. Nilijua mimi tu. Kule nyumbani kwa mwanawe alikuwa amejifunza kuamka kabla ya wengine ili ashuke ngazi polepole bila kuonwa. Na alikuwa na sababu. Mama yetu yuko Beni, katika mtaa wa Mulekera, amekaribia miaka tisini, na yaya alitaka kuja kumwona wakati mama bado anamtambua mtu kwa sauti. Kijana alikuwa ameanza kukubali kidogo kidogo. Aliogopa ndege za kubadilisha, aliogopa barabara ya kutoka mpakani Kasindi, ambako siku nyingine magari yanasubiriana ili yaende pamoja na askari, aliogopa pikipiki ya mwisho ya kufika kwa mama. Alikuwa anatafuta neno la kusema hapana bila kumuumiza.

"Akijua hii goti," yaya aliniambia, "safari ya Beni imekwisha. Donc unisaidie anione muzima siku tatu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Nikiri kwamba niliifurahia. Nimefundisha jiografia miaka mingi, na kila mwaka nafundisha barafu ya milimani kwa watoto ambao hawajawahi kuigusa, nami sijaigusa pia. Ninachukua ubao, ninauinamisha, ninamwaga uji mzito juu yake. Uji hauanguki kama maji. Unajivuta, unakwaruza, unabeba punje za mchanga nilizozitawanya, unafika chini umechoka. Ndivyo barafu inavyoshuka mlimani, nawaambia, ila yenyewe inachukua miaka mahali ambapo uji unachukua dakika. Waliokulia upande wa Beni wanaelewa haraka, maana asubuhi baada ya mvua kubwa wameuona weupe wa Ruwenzori, ule tunaouita nzururu kwa Kinande. Mama anasema alipokuwa msichana weupe huo ulikuwa kama kitenge kilichoanikwa, siku hizi ni kama kitambaa cha kichwa.

Nilimweleza yaya hayo yote kwa sauti ndefu, hadi ubao na uji. Akajibu kwa kifupi.

"Barafu inatembea? Bon. Hata yenyewe itanipita."

Tulianza na nyangumi. Palikuwa na mashua ya mpira ambayo abiria wanaikalia kama farasi, wamevaa suruali za plastiki, na palikuwa na mashua kubwa yenye viti, vioo na kahawa. Nilimwonyesha namna ya kusoma orodha hizi, na mtu yeyote anaweza kujifunza: usianze na picha, picha zote ni nzuri. Anza na maneno madogo ya chini. Tafuta muda wa kukaa na muda wa kusimama. Tafuta neno ngazi. Ukiona "vaa viatu vinavyoshika", ujue kuna utelezi ambao hawakutaka kuuandika. Alichagua vioo na kahawa mwenyewe, na nikamsifu kama ninavyomsifu mwanafunzi.

Wiki ile nilishuka kwenda Beni kumwona mama, nikamsimulia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama ni kweli kwamba watu wanapanda meli kwenda kutafuta nyama za pori, yaani wanyama. Nikasema ni kweli. Akawaza habari za jamaa zetu wenye mashamba kando ya mbuga, ambao tembo huwamalizia mihogo.

"Sisi tunakimbia nyama," alisema, "na bo, batu ba meli, banaomba bapelekwe karibu. Umwambie akae nyuma ya watu wanene."

Kwa dubu tuliacha njia ya mbao ya msituni, yenye vipandio vingi, tukachukua basi linalosimama kando ya mto ambako dubu hufuata samaki. Unashuka hatua chache, unaegemea ukingo, unatazama. Hilo nalo lilikuwa rahisi.

Barafu ndiyo ilikuwa na shida. Njia ya kwanza ilikuwa helikopta inayowashusha watu juu ya barafu yenyewe. Yaya alisema ndege isiyo na mabawa, hapana. Njia ya pili ilikuwa kutembea msituni kilomita tano hadi ziwa lililo mbele ya barafu, na pembeni wameandika "modérée", yaani si ngumu wala si rahisi. Ya tatu ilikuwa mashua ndogo inayoingia hadi karibu na ukuta wa barafu: "facile", rahisi.

Kijana alinipigia simu. Alitaka ile ya kutembea. Alinikumbusha habari ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimemhadithia: jinsi mama yake, tulipokuwa wasichana Lubero, alivyobeba viazi vya baba kwa kamba ya paji la uso, kilima kwa kilima, na jinsi watu wazima walivyomwomba apunguze mwendo.

"Mama mudogo, kilomita tano kwake ni kitu gani? Ni kwenda sokoni na kusahau chumvi na kurudia."

Alisema kwa kujivuna, na mimi nikakosa ujasiri. Nikamjibu kwamba mashua inafika karibu zaidi na barafu. Ilikuwa kweli. Mtu anaweza kudanganya kwa kusema kweli tupu, na siku hiyo ndivyo nilivyofanya.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Mwishoni mwa fomu palikuwa na kisanduku cha kuweka alama, na pembeni yake maneno "mobilité réduite". Yaya aliniuliza maana yake. Nilimweleza kwamba ni kwa mtu ambaye miguu haimtii vizuri. Akiweka alama, wale wa mashua watajua mapema, watamwekea nafasi karibu na mlango, watamchagulia saa nzuri ya kupanda. Nilimwambia kwamba alama ile si kukiri kosa, ni sawa na kumwambia dereva wa pikipiki kwamba umebeba mayai.

"Fomu iko kwa jina ya mutoto," alisema. "Ataisoma."

Nilijaribu mara moja tu. Kwetu mkubwa unamshauri mara moja. Ukirudia, unaonekana umemfanya mtoto. Kisanduku kikabaki kitupu.

Siku ya nyangumi sauti yake ilikuwa ya furaha. Alikuwa ameona mgongo, halafu mkia, halafu mgongo mwingine, na alikuwa amekunywa chokoleti ya moto vikombe vitatu. Siku ya dubu aliniambia mnyama huyo ana uso wa mbwa na matako ya nguruwe, na anavua samaki kama mtu aliyeitwa chakula na hataki kuchelewa. Kijana wake alikuwa amemshika mkono pale ukingoni, naye alikuwa ameegemea vizuri, hakuna aliyegundua kitu. Niliandika kwamba bado siku moja.

Kule wako nyuma yetu saa nyingi, kwa hiyo habari za mchana wao zinanikuta asubuhi. Siku ya barafu niliamka, nikawasha simu kabla ya kwenda shule, nikakuta sauti nne. Ya kwanza haikuwa na salamu.

"Mwalimu. Kumbe bahari inashuka."

Nilikaa kitandani. Nilielewa papo hapo.

Mashua ndogo haikusimama kando ya ile meli kubwa. Ilifungwa kwenye jukwaa linaloelea, na kutoka nchi kavu hadi jukwaa hilo kuna daraja jembamba la chuma. Maji yakijaa, jukwaa linapanda nayo na daraja linalala karibu sawasawa. Maji yakipwa, jukwaa linashuka na daraja linasimama kama kilima. Wao walipangiwa kupanda alasiri, na alasiri hiyo maji yalikuwa yamepwa. Kulikuwa na manyunyu pia.

Kila mwaka nachora mwezi ubaoni, nachora dunia, nachora maji yanayovutwa. Wanafunzi wangu wanapata alama nzuri katika somo hilo. Lakini mimi ni mtu wa milimani. Maji makubwa niliyowahi kuyaona ni ya ziwa, na ziwa asubuhi na jioni liko mahali pake. Nilisoma kila neno la orodha ile, nikatafuta ngazi, nikatafuta viatu, wala sikujiuliza hata mara moja bahari yenyewe itakuwa wapi saa tisa alasiri.

Yaya alifika kichwani mwa daraja, akatazama chini, akasimama. Watu wakajipanga nyuma yake. Mwanawe alidhani anaogopa maji, akamwambia amshike. Aliweka mguu wa kushoto, akataka kuleta wa kulia, ukakataa. Ndipo akageuka akasema mbele ya wote, kwa lugha yetu, ambayo pale ni mwanawe tu aliyeielewa:

"Goti yangu imekufa mwaka sasa. Nilikuficha."

Kijana ndiye aliyenisimulia baadaye yaliyofuata. Alisema tu warudi melini, hakuna neno, barafu wataiona kwenye picha. Na hapo yaya akakasirika. Hakutoka mbali hivyo kwa ajili ya picha. Alikusanya koti lake, akaketi chini kwenye chuma chenye maji, akaanza kushuka kwa makalio, mikono nyuma, mguu mbaya umenyoshwa mbele. Ndivyo tulivyoshuka Lubero wakati wa mvua, sisi sote, na kikapu mapajani, kwa sababu udongo ule haumheshimu mtu aliyesimama. Mwanawe alishuka mbele yake kinyumenyume, mikono imetanuka. Mzee mmoja wa kizungu aliyekuwa nyuma yao, mwenye fimbo, alitazama, akampa mtu fimbo yake, akaketi pia.

Sauti ya pili ilikuwa ya barafu. Ilipasuka mara moja, kwa mbali, kama mti mkubwa, kisha ikaja sauti ya maji. Juu yake yaya alikuwa ananong'ona kwamba nimewadanganya watoto wa shule, barafu si nyeupe, iko bleu kama sabuni ya kufulia.

Sauti ya tatu ilikuwa ndefu, na sehemu yake kubwa nitaiacha kwao. Ndani ya mashua kijana alimuuliza aliogopa nini hata akajificha mwaka mzima. Akamwambia ukweli: kwamba aliogopa hatafika Beni. Kijana hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Alitazama barafu, akavua glovu, akamvalisha mama yake juu ya zile alizokuwa nazo.

Ya nne ilikuwa ya kijana mwenyewe, kwangu.

"Mama mudogo, ulijua. Sitakusumbua juu ya ile. Mais sasa unieleze kwa bibi kukoje. Usinifichie kitu."

Jumamosi nilikwenda Beni. Nilishuka pale pikipiki inapoishia, nikatembea hadi mlangoni kwa mama nikiwa nimeinamisha macho kama mtu aliyepoteza pete. Niliandika kila kitu. Kuna mtelemko wa udongo mwekundu baada ya mgomba wa pili. Kuna mfereji unaovukwa kwa ubao mmoja. Choo kiko nyuma, na ni cha kuchutama. Kitanda cha mama ni kifupi, lakini kuna chumba cha pili. Nilitaka kuishia hapo, maana maelezo yalikuwa yameshatosha kumtia mtu hofu. Kisha nikangojea mvua. Ilikuja alasiri, na ilipokuwa bado inanyesha nikatoka na mwavuli, nikapiga picha ya mtelemko ukiwa unang'aa, na ya kiatu changu kilichobaki ndani yake. Nikazituma zote.

Mama alikuwa amekaa mlangoni akinitazama ninavyochafuka, akauliza matope yake ninampigia nani picha. Nikamwambia. Akasema choo kinaweza kuwekewa kiti. Jirani ana kiti cha mbao ambacho hakina tena pahali pa kukalia, kinafaa.

Hiyo nayo niliiandika.

Jibu lilikuja siku mbili baadaye. Goti lingepigwa picha hospitali kwanza, na daktari angesikilizwa. Barabara ingeulizwa tena karibu na siku zenyewe. Kisha mstari mmoja: "Barabara ikiruhusu, tutakuja mwezi wa kwanza, udongo ukiwa mukavu."

Nilimpigia mama nikamsomea. Aliniomba nirudie, polepole, kwa sababu masikio yake yanachagua siku hizi. Nikarudia.

"Amesema tutakuja?" aliuliza. "Hakusema atakuja?"

"Tutakuja, mama."

"Basi ni bawili," alisema, na nikamsikia akimwita jirani amwulize habari za godoro.