Jiwe Lililokula Goti

Lori likishindwa mlima, utingo huruka chini kabla hata halijasimama sawasawa. Anaokota jiwe la kwanza analoliona, analisukumiza nyuma ya tairi, kisha anatafuta la pili. Akimaliza anakata matawi na kuyatandaza barabarani, ili wanaokuja wajue mbele kuna chombo kibovu. Ile pembetatu nyekundu ya kung'aa inayotakiwa na sheria imo ndani, nyuma ya kiti cha dereva, bado iko kwenye nailoni yake. Hiyo ni ya kumwonyesha trafiki. Nje haitoki, itachafuka.

Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Gari ni chuma, na chuma huharibika. Ugomvi wangu unaanza gari likishapona. Dereva anawasha, lori linajikongoja, utingo analidandia kwa nyuma, wanaondoka. Matawi yatakauka na upepo utayachukua. Mawe hayachukuliwi na upepo.

Zamani haya yalikuwa machache, kwa sababu malori yenyewe yalikuwa machache. Pamba ilisubiri lori la ushirika mpaka panya wakazaa ndani yake, na dereva wa ushirika tulimjua kwa sura na kwa ukoo. Akiacha jiwe, unamkuta kwenye pombe unamsema. Kisha ikaja ruksa, kila mwenye fedha anunue pamba. Wanunuzi binafsi wakaingia Bariadi na Maswa kama kumbikumbi baada ya mvua, kila mmoja na mzani wake, kila mmoja na malori aliyoyakodi kusikojulikana. Anayefika kwanza kijijini ndiye anayebeba pamba, anayechelewa anabeba vumbi. Basi wakawa wanakimbizana. Mimi nilikuwa nanunua dengu na choroko vijijini na kuuza mjini, kwa hiyo siwezi kuisema vibaya biashara huria, imenilisha. Lakini sikumbuki mahali popote waliposema ruksa ile ilikuwa pamoja na kuacha mawe njiani.

Kaka yangu alikuwa na baiskeli ya Kichina, na ndiyo iliyokuwa shamba lake. Alibeba mizigo ya watu kati ya Bariadi na Lagangabilili: mpunga, pamba, mara moja jeneza. Siku moja, asubuhi kweupe, alikuwa anateremka kilima kilicho kwenye njia hiyo na gunia la mpunga nyuma. Lori likampita kwa kasi, likamfunika na vumbi lake. Ndani ya vumbi lile kulikuwa na jiwe lililoachwa na lori jingine. Gurudumu la mbele likaligonga, yeye akaliangukia jiwe, na gunia likamwangukia yeye. Goti la kulia likasagika kama karanga. Aliyempita hakusimama. Nadhani hakujua, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu akikuumiza kwa makusudi, angalau alikuona.

Alilala hospitali, akatoka na mguu usiokunjika. Na kwa kuwa hakuwa na shamba jingine, alianza kujifunza upya kupanda baiskeli, mguu mmoja ukikanyaga pedali na mwingine umenyooka pembeni kama mpini wa jembe. Nilipoenda kuitazama njia atakayopita, nikalikuta jiwe. Lipo palepale, katikati.

Sasa lilikuwa na majani juu yake. Si ya utingo, ya watu. Damu ya kaka ilikuwa imelilowesha, na watu wakasema jiwe limekwisha kunywa, atakayeligusa litamfuata nyumbani. Kila apitaye alilitupia jani ili limwache. Na magari, yakilifikia, yalikata kushoto na kupita kwenye kile kijia cha pembeni cha waenda kwa miguu na baiskeli. Yaani jiwe lilikaa barabarani kama mwenye nyumba, na sisi tukaachiwa tugombee uani na malori. Kaka angerudi pale na mguu ule wa mpini, asiyeweza kuruka wala kushuka haraka, lori likate kushoto limkute. Safari ya pili hakungekuwa na hospitali.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Mayu, jiwe hilo si letu," akaniambia, maana kwetu kila mama ni mayu. "Kijiji kina mipaka. Barabara ni ya mkoa."

"Na mkoa uko wapi?"

"Si unajua? Shinyanga."

Siku hizo Simiyu ilikuwa jina la mto tu, na Bariadi ilikuwa chini ya Shinyanga. Kwa hiyo jiwe la mlimani kwetu lilihitaji ruhusa ya kutoka mbali kuliko lilikotoka lenyewe. Nikaenda kwa karani wa barabara pale mjini. Alinikaribisha vizuri, nisimnyime haki yake, hata kiti alinipa.

"Jiwe liko kwenye kalvati?"

"Liko katikati ya barabara."

"Hapo ndipo penye tatizo, mama. Fungu tulilonalo ni la kalvati."

"Nikilisukumia kwenye kalvati mtakuja kulitoa?"

Akafikiri kweli. "Ungelisukuma ukalifikisha kwenye kalvati, si lingekuwa limeshatoka barabarani?"

Nikamwambia wabeja, ndiyo asante ya Kisukuma, nikarudisha kiti chake mahali pake.

Nilijaribu kulisukuma mwenyewe. Halikutikisika, na waliokuwa wakipita walisimama mbali, mikono vichwani, kama wananiangalia nikimfungulia fisi mlango. Niliomba vijana wanisaidie. Vijana haohao wanaoning'inia nyuma ya malori yanayokwenda mbio, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine una muwa, waliniambia wanaogopa kufa.

Basi nikaenda kwa mganga. Msinicheke. Kama watu wanaamini kufuli lina ufunguo mmoja, huna haja ya kubishana nao habari ya kufuli. Unautafuta ufunguo na kuuliza bei.

"Kondoo mweusi," akasema mganga. "Asiye na doa."

"Wa nini?"

"Jiwe limekula mtu."

"Limekula goti. Mtu mwenyewe yuko nyumbani anakula ugali. Kwa goti moja unataka kondoo mzima?"

"Mayu, hapa si sokoni."

"Najua. Sokoni wangekuwa wameshanipunguzia."

Alijizuia kucheka, akashindwa. Tukazunguka kutoka kwa kondoo mweusi mpaka kondoo wa rangi yoyote, kutoka hapo mpaka mbuzi, mpaka tukaangukia jogoo, na nikamshikilia kwamba kazi ifanyike siku ya mnada, mchana, barabarani, watu wote waone. Akasema hajawahi kuona mteja anayepunguza mpaka fungu la mizimu. Nikamwambia mizimu ni ya ukoo wangu, tunafahamiana.

Ikafanyika. Jogoo akachinjwa, maneno yakasemwa, na palepale wakajitokeza wanaume wakalibingirisha jiwe hadi mtaroni, wanacheka, wanatupiana maneno. Haikuchukua muda wa kumenya muwa. Watu walifurahi wakanipongeza, na mimi niliondoka pale nimekasirika kuliko nilivyofika. Sheria ipo, mwenyekiti yupo, karani yupo na kiti chake, trafiki yupo anayekagua pembetatu kwenye nailoni. Na mwenye uwezo wa kuondoa jiwe barabarani alikuwa jogoo.

Kaka akarudi kazini. Haukupita muda mrefu.

Tulikuwa tunakwenda mnada wa Lagangabilili, yeye ananisukumia magunia yangu matupu kwenye baiskeli, mimi nyuma kwa miguu. Kwenye kilima kilekile tukakuta lori la pamba limesimama, linatazama mjini, abiria wamekaa juu ya shehena. Springi ilikuwa imekatika na walikuwa wanamalizia kuifunga. Nyuma ya matairi kulikuwa na mawe. Nikayahesabu: manne. Nikayahesabu tena, kwa sababu ndivyo nilivyo: manne.

Kaka aliyaona. Aliushika tu ule mguu kwa juu ya goti, kama mtu anayemshika mtoto asikimbie.

Utingo alitoa jeki chini ya lori, akaiweka kando, akaenda kukusanya spana. Nikaenda nikaikalia ile jeki. Ilikuwa na grisi, nikaharibu khanga nzuri.

"Mama, naomba jeki," akasema utingo.

"Utaipata. Mawe yakishatoka."

Dereva akachungulia dirishani. "Kuna nini hapo?"

"Kuna mama ameikalia jeki."

"Mwambie ainuke!"

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Mimi si kiziwi."

Akashuka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka, na kwa barabara zetu madhara ni yaleyale. "Mama, sikiliza. Nikianza kupanda siwezi kusimama hapa katikati. Litarudi nyuma. Mawe nitayatoaje?"

"Utingo abaki ayatoe, akufuate juu kwa miguu."

"Ataniacha huyu!" utingo akadakia. "Ameshaniacha Maswa!"

"Wenzangu wameshapakia safari mbili leo," dereva akasema. "Nikichelewa, pamba ya huko itakwisha."

"Ndiyo maana nimekalia jeki. Utapanda, utamngoja juu, kwa sababu bila jeki huendi mbali na springi hiyo. Atatoa mawe, nitampa jeki, ataileta."

Hapo ndipo abiria waliponishukia. Si dereva, abiria. "Mama, unatuchelewesha!" "Una kichaa wewe!" "Dereva, twende, nunua jeki nyingine!" Mwanamke mmoja, amekaa juu kabisa, mtoto mgongoni, akaniuliza kama barabara ni ya baba yangu. Nilitaka kumjibu kwamba ile ni barabara ya huyo mtoto. Lakini jibu likaja nimechelewa, lori limeshaanza kunguruma. Lilipanda, likafika juu, likasimama na kuanza kupiga honi.

Utingo akatoa la kwanza, la pili, la tatu, akiyasukumia mtaroni. Akafuta mikono kwenye suruali, akanyoosha mkono apewe jeki.

"Hesabu tena," nikamwambia.

"La nne limezama, mama. Limekandamizwa na tairi. Linaonekana kidogo tu. Watalikwepa."

Watalikwepa. Neno hilo ningeweza kulichora kwenye noti zetu. Tunakwepa shimo, tunakwepa jiwe, tunakwepa ng'ombe aliyekufa siku tatu, kisha tunamsifu dereva kwamba huyu kijana anajua kukwepa. Nilifungua mdomo nimwambie yote hayo, na honi inalia huko juu.

Kaka akailaza baiskeli chini. Akaja akichechemea, akaunyoosha ule mguu pembeni, akakaa chini kabisa kwenye vumbi kama mtoto, akaanza kulichimbua jiwe kwa vidole. Utingo akamwangalia goti. Halafu akachuchumaa upande wa pili. Jiwe likatoka, wakalibingirisha wote wawili mpaka mtaroni, na huko likagonga wenzake.

Nikainuka. Utingo akabeba jeki begani na kukimbia mlimani, na kule juu wakampokea kwa matusi.

Kaka akajifuta, akapanda baiskeli kwa mtindo wake mpya, akasema, "Dada, tutakutana mnadani." Akaachia breki. Alishuka kilima kile katikati ya barabara, mguu mmoja umenyooka, magunia yangu yanapepea nyuma yake, na mimi nikawa namkimbilia nimeshika khanga yenye grisi, nikimpigia kelele: "Kushoto! Kaa kushoto, we mwanaume, wanakuja wengine!"